Feloshipu za kimataifa kwa mawakili wa haki za binadamu: anza na jalada lililokushinda

Agosti ikifika, simu yangu hujaa ujumbe wa mawakili vijana. Mmoja yuko Musoma, mwingine Kigoma, mwingine amemaliza Shule ya Sheria juzi tu na bado anajitolea kwenye kituo cha msaada wa kisheria. Swali lao karibu wote ni moja: "Dada, ipi rahisi kupata?"

Nami huwauliza: ni jalada gani la kesi lililokushinda?

Naandika mwongozo huu kwa ajili ya swali hilo. Feloshipu ni kipindi ambacho mwanasheria hulipiwa ili asome, afanye utafiti au afanye kazi mahali pengine, kisha arudi na kitu. Wanaozitoa hupokea maombi ya watu wengi wenye alama nzuri na moyo mzuri. Wanachotafuta ni mtu anayejua vizuri amekwama wapi na anahitaji nini ili ajikwamue. Mawakili wanaoshughulika na wajane, wakulima, mahabusu na wafugaji wanalo hilo tayari. Kazi ni kulitoa kwenye majalada na kuliweka kwenye karatasi.

Hatua ya kwanza: andika swali lako kabla hujafungua tovuti yoyote

Mara ya kwanza nilipoomba niliandika kwamba nimependa haki tangu utotoni na kwamba nataka kuwa sauti ya wasio na sauti. Sikuitwa hata kwenye usaili. Nilipoisoma insha ile baada ya miezi, niliona kwamba wakili yeyote wa nchi yoyote angeweza kuiandika. Mjane niliyekuwa nikimhudumia wiki ileile hakutajwa hata kwa mstari mmoja.

Safari ya pili nilianzia kwake. Ukoo ulikuwa umemtoa kwenye nyumba ya marehemu mumewe, kwa hoja kwamba mila haimpi mke urithi. Mawakili wa Kanda ya Ziwa tunaijua hadithi hiyo, na tunaijua kesi iliyoibeba mbali kuliko zote. Wajane wawili wa Shinyanga walikwenda Mahakama Kuu kupinga kanuni za urithi zilizomo kwenye Tamko la Sheria za Mila la mwaka 1963. Mwaka 2006 mahakama ilikubali kwamba kanuni zile zinabagua, lakini ikakataa kuzifuta. Wakakata rufaa. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani iliitupa rufaa kwa kasoro ya tarehe kwenye hati. Shauri likapelekwa Geneva kwenye Kamati ya CEDAW, ile ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kukomesha ubaguzi dhidi ya wanawake, na mwaka 2015 kamati ikasema Tanzania imekiuka mkataba.

Sasa mjane wangu amekaa mbele yangu, nami nina uamuzi wa Geneva mkononi. Hakimu wa Mahakama ya Mwanzo ataupokeaje? Nitautumia kwa njia gani, ikiwa hauwezi kukaziwa kama hukumu ya mahakama zetu? Hapo ndipo nilipokwama, na hilo ndilo likawa swali langu: wenzetu wa nchi nyingine wameyafanyaje maamuzi ya kamati za mikataba yafanye kazi kwenye mahakama za chini?

Swali la namna hiyo hukuonyesha chuo cha kuchagua, somo la kuchukua, mtu wa kukuandikia barua na kazi utakayoifanya ukirudi. Chukua daftari. Andika kesi tatu ulizoshindwa, au ulizoshinda bila hali ya mteja kubadilika. Chini ya kila moja andika sentensi moja tu: nilikosa nini? Labda ulikosa ushahidi wa kitaalamu, au hukujua kuandaa shauri la kikanda, au hukumu ilitolewa na hakuna aliyeitekeleza.

Hili la mwisho ni zito katika ukanda wetu. Waogiek wa msitu wa Mau walishinda dhidi ya Kenya mbele ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, Arusha, tarehe 26 Mei 2017. Tarehe 23 Juni 2022 mahakama hiyohiyo iliamuru walipwe fidia na warudishiwe ardhi ya mababu zao. Wakili anayetaka kujifunza kinachotakiwa kufanyika baada ya hukumu kama ile ana swali la kumfikisha popote.

Hatua ya pili: jua kapu unalochagulia

Watu huita kila kitu "skolashipu", kisha wanaomba kisichowafaa. Mimi huzigawa kwa kile utakachorudi nacho.

Kapu la kwanza ni la shahada ya uzamili. Chevening ya serikali ya Uingereza hulipia mwaka mmoja wa masomo kwenye chuo cha Uingereza, na unachagua kozi tatu wewe mwenyewe. Swedish Institute, taasisi ya serikali ya Sweden, hulipia uzamili nchini humo; Chuo Kikuu cha Lund kina shahada ya sheria ya haki za binadamu, na Taasisi ya Haki za Binadamu ya Raoul Wallenberg iko mji uleule. Karibu na nyumbani ipo ile ninayoipigia debe kuliko zote: shahada ya uzamili ya Haki za Binadamu na Demokrasia Afrika, ya Kituo cha Haki za Binadamu cha Chuo Kikuu cha Pretoria. Ilianza mwaka 2000 na huchukua takriban wanafunzi 30 kwa mwaka kutoka nchi mbalimbali za bara letu. Muhula wa kwanza wote hukaa Pretoria. Wa pili hutawanywa kwenye vyuo washirika vya nchi nyingine za Afrika. Wakili wa Bukavu, wa Dodoma na wa Bujumbura wakikaa darasa moja wakichambua Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, wanatoka na kitu ambacho London haina: watu wa kupigiwa simu siku shauri la kuvuka mipaka litakapokuja. Vijana wengi huiruka kwa sababu haihitaji ndege ya kwenda Ulaya. Nawaomba muifikirie upya.

Kapu la pili halina shahada. Ofisi ya Kamishna Mkuu wa Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ina programu zinazokupeleka Geneva kwa wiki chache: moja ya watu wa asili, moja ya watu wa jamii za wachache, na moja ya watu wenye asili ya Afrika wanaoishi nje ya bara. Ile ya watu wa asili inawahusu Wamasai, Wahadzabe, Waogiek na Wabatwa, na mwombaji hupendekezwa na jamii au asasi yake mwenyewe. Ndugu zetu wa Congo na Burundi wanaofanya kazi kwa Kifaransa wazitazame kwa makini, kwa kuwa hapa Kiingereza si lazima kila mara. Ile ya wenye asili ya Afrika inawafaa wanasheria wa kwetu waliohamia Ulaya au Marekani na wanaotetea jamii zao hukohuko. Kapu hili pia lina Hubert Humphrey ya Marekani, iliyoanza mwaka 1978, kwa watu wenye walau miaka mitano ya kazi. Maombi yake hupitia ubalozi wa Marekani wa nchi yako, kwa hiyo soma tangazo la mwaka husika. Bajeti za serikali hubadilika.

Kapu la tatu ni la kukaa ndani ya mahakama. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, The Hague, hupokea wanafunzi wa mafunzo ya kazi na wanasheria wazoefu kwa miezi michache, ila wengi hawalipwi posho, basi usipokee nafasi kabla hujajua nani atalipa pango. Mahakama ya Kimataifa ya Haki, iliyo mji huohuo, huchukua wahitimu wanaopendekezwa na vyuo vyao, na kuna mfuko maalumu wa kuwalipia wanaotoka nchi zinazoendelea. Nenda kwenye kitivo chako ukaulize kama kimewahi kupendekeza mtu. Nako Arusha ziko mahakama mbili, ya Afrika na ya Afrika Mashariki. Miezi michache kwenye masijala ya mojawapo itakufundisha mambo ambayo kitabu hakikupi. Mojawapo: kwenye Mahakama ya Afrika Mashariki mlalamikaji ana miezi miwili tu ya kufungua shauri, na wengi huipoteza wakisubiri kumaliza ngazi za mahakama za nyumbani, sharti ambalo mahakama ile haina.

Hatua ya tatu: hesabu saa zako

Chevening hutaka saa 2,800 za kazi baada ya shahada ya kwanza. Ni kama miaka miwili, ukihesabu saa 35 kwa wiki na wiki 40 kwa mwaka. Swedish Institute hutaka saa 3,000. Kujitolea kunahesabiwa, na hapo ndipo vijana wa vituo vya msaada wa kisheria wanapojinyima wenyewe: wanaandika miezi ya ajira ya mshahara tu na kuiacha miaka miwili ya kwenda magerezani kila Ijumaa. Omba barua kutoka kila mahali ulipojitolea, yenye tarehe ya kuanza, ya kumaliza na saa kwa wiki. Omba sasa, wakati mratibu aliyekuwepo bado yupo.

Kalenda nayo ina mitego. Chevening hufunguliwa Agosti na kufungwa takriban Oktoba, kwa masomo yanayoanza Septemba ya mwaka unaofuata. Sweden ina milango miwili: kwanza unaomba chuo, dirisha linalofungwa katikati ya Januari na lenye ada ya krona 900, halafu ndipo unaomba ufadhili wenyewe Februari. Aliyekosa mlango wa Januari hana cha kuomba Februari. Nimemwona wakili hodari akipoteza mwaka mzima kwa hilo.

Na kwa kuwa tumefika kwenye ada: Chevening haitozi hata senti kuomba. Mtu akikuambia ulipe ili "akusukumie" fomu, huyo ni tapeli.

Hatua ya nne: karatasi

Pasi ya kusafiria yenye muda wa kutosha, cheti cha shahada, matokeo ya kila muhula, cheti cha uwakili, leseni ya mwaka. Hakikisha jina lako limeandikwa namna moja kote. Kama cheti cha kuzaliwa kinasema hivi na shahada inasema vile, shughulikia hati ya kiapo ya majina mapema.

Wengine hutaka mfano wa maandishi yako. Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2021 na Kiswahili kuwa lugha ya mahakama Tanzania, mawakili wengi wana hoja zao nzuri kabisa kwa Kiswahili. Usiziache kwa sababu hiyo. Chagua kurasa tano hadi kumi zenye hoja moja iliyokamilika, zitafsiri kwa uangalifu, na uandike juu yake kwamba ni tafsiri yako ya hoja zilizowasilishwa mahakamani. Futa majina ya wateja.

Hatua ya tano: wanaokuandikia barua

Barua ya jaji mstaafu ambaye mlikutana mara mbili kwenye semina haina uzito. Aliyekuona ukihoji shahidi, ukiandika hoja usiku, ukimtuliza mteja kwenye korido, huyo ndiye. Anaweza kuwa wakili mwandamizi wa ofisi yako au mratibu wa kituo. Mhadhiri ni mzuri ikiwa alikusimamia utafiti.

Mpe wiki nne, naye umkabidhi karatasi moja: swali lako, programu unayoomba, na matukio mawili ambayo yeye mwenyewe aliyashuhudia. Wakubwa wetu wana shughuli nyingi. Wasipopewa kumbukumbu huandika kwamba wewe ni mchapakazi na mwenye nidhamu, basi. Na kama anakuambia uiandike mwenyewe yeye asaini, mshukuru kwa heshima na umtafute mwingine. Barua zilizoandikwa na mkono wa mwombaji hufanana na insha zake, na msomaji huligundua hilo.

Hatua ya sita: insha

Hapa kaa sana. Andika rasimu ya kwanza kwa Kiswahili. Najua fomu ni ya Kiingereza, lakini mateso ya mteja wako uliyasikia kwa Kiswahili, au kwa Kisukuma, au kwa Kinyamwezi. Ukianza kwa Kiingereza utaishia kwenye maneno ya ripoti za wafadhili. Ukishapata kisa chako kikamilifu, kihamishe.

Chevening huuliza kuhusu uongozi, kujenga mahusiano, kozi ulizochagua na mipango ya kazi. Wakili kijana akisikia "uongozi" hufikiri lazima awe mwenyekiti wa kitu. Kama uliwafundisha wasaidizi wa kisheria wanane wa kata kuandika maelezo ya mashahidi, na baada ya hapo mashauri yakaacha kukataliwa kwa kasoro za hati, hiyo ni hadithi ya uongozi. Eleza kilichokuwepo, ulichofanya wewe, na kilichobadilika. Andika idadi uliyoihesabu mwenyewe tu.

Kwenye kozi, taja masomo kwa majina na uyafunge kwenye swali lako. "Nataka kujifunza sheria za kimataifa" haisemi lolote. "Nahitaji somo la mashauri mbele ya kamati za mikataba kwa sababu nina wateja ambao njia za ndani zimewafungia" inasema. Kama eneo lako ni mashauri ya kikatiba Tanzania, eleza marekebisho ya mwaka 2020 ya Sheria ya Utekelezaji wa Haki za Msingi na Wajibu, yaliyomtaka mlalamikaji aonyeshe kwa kiapo namna alivyoathirika yeye binafsi. Linganisha na Kenya, ambako Ibara ya 22 ya Katiba ya 2010 inamruhusu mtu kufungua shauri kwa maslahi ya umma. Aya moja ya namna hiyo humwonyesha msomaji kwamba anazungumza na mtu wa kazini.

Sasa jambo ninalolisisitiza kuliko mengine. Kisa ni cha mteja. Usiandike jina lake, kijiji chake, wala maelezo ambayo jirani yake angeyatambua. Shauri likiwa bado liko mahakamani, badilisha zaidi au tumia lililokwisha. Ikiwezekana mwombe ruhusa. Mama niliyemweleza kwenye insha yangu nilimwendea nyumbani kwa dada yake, nikamsomea kwa Kiswahili nilichoandika. Alinisahihisha mahali pamoja: niliandika kwamba alifukuzwa, akasema, "Mwanangu, sikufukuzwa. Nilitoka na watoto wangu nikafunga mlango." Nikabadilisha.

Usaili

Usaili huchukua muda mfupi, na swali gumu kwa mawakili wetu huwa hili: utafanya nini ukirudi? Chevening hutaka urudi nyumbani kwa walau miaka miwili, na visa nyingi za mabadilishano za Marekani zina sharti kama hilo. Usijibu kwa ndoto ya kuanzisha asasi kubwa. Sema miezi sita ya kwanza: utakaa ofisi gani, utafungua shauri la aina gani, utamfundisha nani. Jizoeze kwa sauti mbele ya wakili mwenzako ambaye si rafiki sana. Umeme ukiwa wa mashaka, nenda mahali penye jenereta, na uwe na bando kwenye simu ya pili.

Ukipata: wateja wako kwanza

Miongozo mingi huishia kwenye barua ya pongezi. Kwa wakili wa wanyonge kazi inaanza hapo, kwa sababu kuna watu wanaokutegemea.

Orodhesha kila jalada lililo hai. Kando ya kila moja andika tarehe inayofuata, kilichobaki, ukomo wa muda wa rufaa, na nani atalichukua. Huyo atakayelichukua akubali kwa maandishi. Kisha zungumza na kila mteja ana kwa ana, ukiwa na wakili mpya pembeni. Mjane aliyezungushwa miaka mitatu akiambiwa kwa simu kwamba wakili wake yuko ulaya, anaelewa kwamba ameachwa. Toa taarifa mahakamani pale unapotakiwa kujiondoa. Yale yenye hukumu iliyo karibu, baki nayo kama kalenda inaruhusu. Leseni yako ya mwaka usiiache ife bila mpango. Uliza chama chako cha mawakili utaratibu wa anayekuwa nje ya nchi.

Kuhusu fedha, posho ya kwanza huweza kuchelewa huku mwenye nyumba akitaka amana. Tafuta akiba ya mwezi mmoja. Chevening hailipii mwenza wala watoto, kwa hiyo hesabu ya nyumbani ifanyike na familia nzima kabla ya kusaini. Wanaokwenda Uingereza kwa zaidi ya miezi sita kutoka Tanzania au Kenya hutakiwa kupimwa kifua kikuu kwenye kituo kilichoidhinishwa. Weka miadi mapema.

Kama unaomba kwa sababu umetishiwa

Hii ni njia nyingine kabisa, na usiichanganye na ushindani wa insha. Kituo cha Haki za Binadamu cha Chuo Kikuu cha York, Uingereza, tangu mwaka 2008 hupokea watetezi walio hatarini kwa miezi kadhaa ili wapumzike na kujifunza. DefendDefenders, asasi yenye makao Kampala, hushughulika na watetezi wa Afrika Mashariki na Pembe ya Afrika, na mara nyingi kukaa mji wa jirani kwa muda hufaa kuliko kusubiri visa ya mbali.

Ukiwa kwenye hali hiyo, usitume maelezo kwa barua pepe ya ofisi wala kwa kundi la WhatsApp. Tumia simu isiyo yako ikibidi, eleza kwa ufupi kilichotokea na tarehe zake, na uombe wakuambie njia salama ya kuwasiliana. Mtu mmoja unayemwamini ajue ulipo. Majalada yako, hasa yenye maelezo ya mashahidi, yahamishiwe kwa wakili mwingine kabla hujafunga ofisi, kwa sababu wewe ukiondoka, wao bado wapo kijijini.